Tabora kwa baiskeli: njia ya miembe, tembe la Kwihara na asali ya miyombo (uzi mrefu, vuta kigoda)

Mpanda Baiskeli (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wale wa nyumbani, mwangaluka.

Mwezi wa tatu nilikwenda Dodoma kwenye harusi ya mtoto wa mama mkubwa. Siku ya pili shemeji akatupakia kwenye gari hadi Hombolo kuona mashamba ya zabibu. Tukapita katikati ya mistari ya mizabibu, tukaonja zabibu zilizochumwa asubuhi ileile, tukapiga picha bwawani, jioni tukarudi na chupa mbili za mvinyo mwekundu. Njiani shemeji akaniuliza, wala hakuwa na ubaya: "Na sisi tukija Tabora mtatupeleka wapi?"

Nikakohoa. Nikasema tuna maembe. Gari zima likacheka, hadi dereva.

Nimezaliwa Isevya, nimesoma Tabora, nafundisha Tabora, na sikuwa na jibu. Kicheko kile kilinikaa. Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza nikapeleka baiskeli kwa fundi, akabadilisha tairi la nyuma na mnyororo, nikaanza kuzunguka kila Jumamosi. Nimezunguka Jumamosi nne. Nitashusha kipande kwa kipande, maana naandikia simu.

Kapelo

Nimetandika mkeka. Shusha.

Binti Gongoni

Uzi bila picha ni kama pilau bila nyama, mwalimu. Picha ziko wapi?

Mpanda Baiskeli

Dada, picha zilikuwepo. Simu iliyokuwa nazo ina kisa chake, tutafika huko. Hii naandikia ni ya mama watoto, na ananisimamia.

Jumamosi ya kwanza nilianzia stesheni. Mgeni anayekuja kwa treni anashuka pale halafu anakimbilia bodaboda, hageuki hata kulitazama jengo. Geuka. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na stesheni zote mbili bado zinakuambia zilijengwa na watu waliodhani hawataondoka. Kutoka pale unashika barabara yenye miembe pande mbili. Kuna miembe mikubwa kiasi kwamba watu wawili wakiukumbatia shina mikono haikutani. Mwezi wa sita haina embe. Ukitaka embe subiri kuanzia wa kumi na moja, wakati huo utazikanyaga.

Boma la Mjerumani nililitazama kwa mbali. Nawashauri na ninyi mlitazame kwa mbali. Ukiona mtu mwenye magwanda, simu ibaki mfukoni.

Mji wenyewe nisiukalie sana, wengi mnaujua. Kahawa na kashata asubuhi pale Gongoni, halafu safari.

Mzee wa Stesheni

Kijana umeruka jambo. Hii miembe haikuota yenyewe. Hii ni njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, na katikati yake ni sisi. Wazungu wa kwanza, Burton na Speke, walipofika Novemba 1857 pakiitwa Kazeh waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwishajenga na kutulia. Na waliobeba mizigo yao ni babu zetu. Mnyamwezi alikuwa mpagazi kwa hiari yake na kwa sifa. Kijana ambaye hajafika pwani alikuwa anahesabiwa bado mtoto.

Miembe wengine wanasema ni kokwa zilizotupwa na wapagazi wakila njiani, wengine wanasema ilipandwa makusudi kwa ajili ya kivuli. Mimi nachukua ya pili, kwa sababu ilivyopangana haiwezi kuwa kazi ya kutupa kokwa.

Mpanda Baiskeli

Shikamoo mzee. Nimeipokea.

Mzee wa Stesheni

Marahaba. Na usisahau kusema kwamba mwaka 1916, tarehe 19 Septemba, Wabelgiji waliingia mji huu kutoka Kongo na kumtoa Mjerumani. Watoto wenu wa shule hawajui. Na Januari 1958 ni hapa hapa TANU walikaa wakabishana juu ya kura tatu, ile sheria ya kumlazimisha mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nyerere akawashawishi waingie kwenye uchaguzi huo huo wenye masharti, wakaushinda. Ndiyo mnauita Uamuzi wa Busara.

Kapelo

Mzee na wewe fungua uzi wako, utatujaza humu 😂

Mpanda Baiskeli

Jumamosi ya pili: Kwihara.

Kutoka mjini ni kilomita sita saba hivi, kwa baiskeli usiihesabu kama safari, ila mchanga. Wana Tabora mnaujua mchanga wetu. Kuna mahali nilishuka nikasukuma, bibi mmoja mwenye karai la karanga kichwani akanipita akitembea. Akanisalimia vizuri, lakini niliona anavyobana mdomo asicheke.

Kwihara ndipo lilipo tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Tembe, kwa wasiojua, ni ile nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa, imezungushwa ikaacha ua katikati. Kuta nene. Nje jua linachoma, ukivuka kizingiti unasikia ubaridi kama umeingia kisimani. Milango ni ya kuchonga, ya kipwani kabisa. Ukisimama mbele yake unaweza kudhani uko Bagamoyo mpaka usikie kuku wa Kinyamwezi.

Sasa hadithi ya nyumba hii ndiyo iliyonikalisha pale saa nzima. Stanley, mwandishi wa gazeti, alifika Unyanyembe (ndiyo nchi hii ya Tabora) Juni 1871 akimtafuta Livingstone. Akakwama, kwa sababu barabara ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi wa upande wa Urambo. Waarabu wa Tabora wakamwambia twende tukampige, siku mbili tatu kazi imeisha. Stanley akajiunga nao. Wakapigwa wao. Mwezi wa nane Mirambo akaja mpaka Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Stanley akawa amejifungia Kwihara anatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za udongo. Alipoondoka Septemba ilibidi azunguke kusini kabisa kuikwepa nchi ya Mirambo. Ndiyo akafika Ujiji na kusema lile neno lake ambalo kila mwongoza watalii analijua.

Kwa hiyo mtu mkubwa wa hadithi ile, kwa maoni yangu, ni yule aliyefunga barabara. Stanley mwenyewe alimfananisha na Napoleon. Mwaka 1876 wakakutana, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Mirambo akafa Desemba 1884, na ufalme wake haukudumu baada yake. Lakini ukienda Kwihara leo, picha ukutani ni za nani? Basi.

Mwanzoni mwa 1872 Stanley na Livingstone wakarudi pamoja Kwihara. Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki peke yake kwenye nyumba ile kusubiri wapagazi na mizigo, mpaka Agosti. Miezi mitano. Nilikaa kwenye ua nikajaribu kuiwaza miezi mitano ya kusubiri, nikashindwa; mimi nikisubiri basi nusu saa natukana.

Ujiji Damu

Mwisho wa njia hiyo ni kwetu, msijisahau. Salaam kutoka Kigoma, na dagaa.

Nyuki Mdogo

Mwalimu umesahau jambo la Kwihara linaloniumiza mimi zaidi. Livingstone alipofia Zambia mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi pwani. Walipita Kwihara. Oktoba mwaka huo mpelelezi Mwingereza Cameron alikuwa hapo, akawashauri wamzike huku huku, wakakataa. Watu waliotembea miezi na maiti wakisema hapana, atafika kwao. Majina yao kwenye ule ukuta yangeandikwa kwa herufi kubwa.

Mpanda Baiskeli

Aisee. Hili sikulijua, na nimekaa pale ndani saa nzima. Asante sana.

Kutoka Kwihara sikurudi njia ileile. Nilipita vichochoro vya mashamba, mihogo na karanga na viazi vilivyoanikwa juu ya mawe. (Kwa shemeji wa Dodoma anayesoma: viazi vitamu vikikatwa vibichi na kukaushwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikakaushwa ni matobolwa. Usichanganye mbele ya wakwe.) Nilinunua matobolwa ya elfu moja nikayafunga kwenye keria, yakanifikisha jioni.

Nikatokea upande wa Itetemia, kwa mtemi Isike. Hapa hakuna kibao kikubwa wala mlango wa kuchonga. Isike alikuwa na ngome yake, Kwikuru wanaita, yaani makao ya mtemi, na ndiyo Ikulu hii tunayoisema leo nchi nzima. Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja. Januari 1893 walipoingia ndani hatimaye, Isike akaingia kwenye ghala lake la baruti akailipua, kuliko kutekwa. Mtoto aliyekuwa anachunga mbuzi aliponiona nimesimama akaniuliza, "Umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza. Akasema, "Basi wewe ni mwalimu."

Kapelo

😂😂😂 kakujua chap

Mgogo wa Hombolo

Mimi natoka huko mlikokunywa mvinyo, nimeletwa kwenye uzi huu na rafiki. Mwalimu nikuambie ukweli kuhusu sisi. Zabibu Dodoma zililetwa na wamisionari, Bihawana 1957 ndiyo mwanzo unaosimuliwa. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na kwenye wa nane au wa tisa, kwa sababu mzabibu wa huku haulali kwa baridi kama wa Ulaya. Sisi ndio tunaulaza na kuuamsha kwa mkasi. Ukipogoa leo unahesabu miezi hadi kuvuna. Hiyo ni habari nzuri ya kumwambia mgeni.

Lakini njia ya kutembeza mgeni? Shemeji wako alikupendelea tu. Wengi wakija wanaona nguzo, nyaya na jua. Saa tano mchana hakuna hata mti wa kujificha. Mgeni anauliza kivuli kiko wapi, tunamwonyesha gari lake. Ninyi mna kivuli. Msituonee wivu.

Mpanda Baiskeli

Mkuu umenifurahisha mpaka nimemsomea mama watoto.

Jumamosi ya tatu nilikwenda bwawa la Igombe, kaskazini. Maji mengi, jua linazama vizuri, ndege wa majini wapo, wavuvi wapo. Nilipata pancha mbili kwenda na moja kurudi. Sina zaidi ya kusema. Kama una familia, nendeni kwa gari.

Sasa ya nne. Hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi.

Nina baba mdogo Sikonge, kilomita sabini na kitu kusini mwa mji. Ni mrina asali, yaani mvunaji wa asali ya mizinga, alikuwa mrina kabla mimi sijazaliwa. Nikampigia simu nikamwambia nataka kuona mizinga. Akanyamaza. Akauliza, "Kuona au kununua?" Nikasema kuona. Akasema njoo, lakini usioge kwa sabuni ya harufu.

Baiskeli niliipandisha juu ya basi, lami siku hizi inakwenda hadi Mpanda, sikuona sababu ya kujitesa. Sikonge tukaziacha nyumba saa nane mchana, yeye na baiskeli yake ya tangu enzi, mimi nyuma. Baada ya kama saa moja barabara ikawa njia, njia ikawa alama anazozijua yeye. Miyombo pande zote. Sijui niwaelezeje wale wa mikoa ya wazi: huu si msitu wa giza. Miti imesimama mbalimbali, jua linapita, chini majani makavu ya kahawia, na unaweza kuona mbali lakini kila upande ni sawa. Hapo ndipo mtu anapotea. Babamdogo alikuwa ananionyesha miti kama mtu anavyoonyesha majirani: huu mtundu, ule muba, ule mninga (mninga aliugusa kabisa, maana waliobaki ni wachache, wengine wote ni vitanda na milango huko mijini). Akasema nije tena mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua, majani mapya yanatoka mekundu, msitu mzima unakuwa kama umewaka. Nitakwenda.

Ndorobo (mbung'o) walituuma. Nilikuwa nimevaa fulana ya bluu, kumbe wanaipenda bluu. Babamdogo alikuwa anaijua habari hiyo tangu asubuhi na hakusema. Ila kaniambia neno moja: "Hawa ndio walinzi. Bila hawa ng'ombe wangeshamaliza msitu."

Mizinga yake ni ya aina tatu. Ipo ya gogo lililochimbwa, ipo ya gome, na ipo michache ya masanduku ya kisasa aliyopata kupitia kikundi. Ya gome ndiyo niliyoipenda kwa macho: gome zima limevuliwa kwenye mti, likakunjwa likawa pipa, likashonwa kwa vijiti, kila upande limezibwa kwa nyasi, halafu linaning'inia juu tawini kwa kulabu ya mti. Juu, kwa sababu ya nyegere. Nyegere akiufikia mzinga haachi kitu. Lakini babamdogo mwenyewe alisema kila mzinga wa gome ni mti mmoja uliokufa, ukishavuliwa gome haupo tena, na ndiyo maana hatengenezi mipya.

Kurina ni jioni. Akawasha kienge, fungu la magome na nyasi linalotoa moshi bila kuwaka, akakipandisha juu kwa kamba, akapanda. Ana umri wa babu na akapanda. Mimi chini nimefunga kanga ya shangazi usoni, nashika ndoo. Jua limekwisha, msitu umenyamaza, halafu ukasikia mlio. Wakuu, mlio wa mzinga uliofunguliwa si wa sikio, unausikia kifuani. Akakata masega akaacha yale ya watoto wa nyuki, akateremsha ndoo.

Hapo ndipo nikatoa simu nipige picha kwa mwanga. Mwanga mweupe, gizani, mbele ya mzinga ulio wazi.

Sitasimulia yote. Nilikimbia upande nisioujua, simu ikaenda upande wake. Kesho yake tuliitafuta, tukaipata, siafu wakiwa wameshaihamia na kioo kimepasuka. Nilichomwa kumi na saba, mama watoto alihesabu.

Binti Gongoni

Pilau bila nyama nimeisamehe. Pole mwalimu 😂

Kapelo

Kwa hiyo nyuki ndio walioshusha uzi. Hebu malizia, ulionja?

Mpanda Baiskeli

Nilionja. Tulikaa chini ya mti mwingine, mbali, uso wangu umevimba jicho moja halioni, tukala masega yenye joto bado. Nimekula asali maisha yangu yote, Tabora asali ni kama chumvi. Lakini ile ilikuwa na moshi kidogo, na uchungu kidogo mwishoni, na babamdogo akaonja akataja mti. Akaonja ya mzinga wa pili akataja mti mwingine. Ndiyo nikamkumbuka yule kijana wa Hombolo aliyetuonjesha mvinyo akisema huu una hiki, ule una kile, sisi tunaitikia tu kwa kichwa. Babamdogo anafanya kazi hiyohiyo, ameketi juu ya mzizi, na hajui kama kuna watu wanailipia.

Kesho yake kijijini nikapelekwa kwa mama mmoja anayepika wanzuki. Kwa wageni: wanzuki ni pombe ya asali. Asali, maji, kitu cha kuchachusha, siku chache kwenye mtungi, basi. Inakuja kwenye kikombe cha plastiki, rangi ya chai ya maziwa, tamu kwa kichwa, halafu unapotaka kusimama miguu inauliza tunakwenda wapi. Mama akaniambia wengi siku hizi wanapika kwa sukari, ya asali tupu mpaka uagize. Niliagiza.

Nyuki Mdogo

Sisi tusiokunywa, kuna asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Nyepesi kama maji, ina uchachu kidogo, bei yake mara kadhaa ya hii nyingine. Hiyo ndiyo mvinyo wetu wa halali.

Mpanda Baiskeli

Hiyo hoja nimeikubali. Sasa wazo langu, wakuu: kwa nini tusiiweke njia hii kwenye ramani? Stesheni, miembe, Kwihara, Itetemia, siku ya pili Sikonge, msituni kwa warina, jioni kurina, usiku wanzuki au asali ya nyuki wadogo. Nimechora ramani, nina alama za kila mahali mpaka kwenye mizinga. Kesho naipandisha hapa kila mtu aitumie.

Mrina wa Ipole

Usipandishe.

Kapelo

Mkuu vipi tena?

Mrina wa Ipole

Mimi ni mrina. Nimesoma uzi mzima kimya kwa sababu mwalimu anaandika vizuri na nimecheka pale kwenye simu. Lakini ramani ya mizinga usipandishe.

Nyegere tunamweza, tunaning'iniza juu. Mwizi wa asali anapanda. Mwaka juzi nilipandisha mizinga, nikarudi wakati wa kurina nikakuta kumi na miwili imeshakatwa, mingine imechomwa kabisa, kwa sababu mwizi hana muda wa moshi, anatia moto. Kundi zima linakufa. Na moto ule ukipata nyasi za kiangazi hauishii kwenye mzinga wangu. Msitu wa mrina ni kama benki isiyo na mlango, ulinzi wake ni kwamba hujui ilipo.

Jambo la pili. Msitu huu una wenyewe wengi. Kuna hifadhi za misitu, kuna maeneo ya vijiji ya wanyamapori kama letu la Ipole, na Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2019, si pori la akiba tena. Mtu hawezi kuifuata alama kwenye simu na kuingia anapotaka. Utamponza mgeni na utamponza babamdogo wako.

Binti Gongoni

Lakini kaka, mkificha kila kitu asali itaendelea kununuliwa kwenye madebe kwa bei ya mchuuzi. Mgeni akija akaona kazi yenyewe atalipa zaidi. Wenzetu wa zabibu wanauza chupa, ninyi mnauza ndoo.

Mrina wa Ipole

Dada sijasema mgeni asije. Nimesema asije na ramani. Aje na mtu.

Mzee wa Stesheni

Hata Stanley alikuja na watu wanaoijua njia, na bado alizungushwa.

Mgogo wa Hombolo

Kwetu mtu akiingia shambani bila mwenyewe tunamwita mwizi wa zabibu hata kama ana kamera. Namuunga mkono mrina.

Kapelo

Mimi nina swali la kijinga. Yule ndege anayeongoza watu kwenye asali ni kweli au ni hadithi za bibi?

Mrina wa Ipole

Ni kweli. Anakuja anakupigia kelele karibu, anaruka mti hadi mti, anageuka kukuangalia kama unamfuata. Yeye anataka nta na watoto wa nyuki, hawezi kuvunja; wewe una shoka. Ukishapata unamwachia kipande cha sega mahali pa wazi. Wazee wanasema usipomwachia, safari ijayo atakupeleka kwa chatu au kwa simba. Mimi sijawahi kujaribu kutomwachia.

Mpanda Baiskeli

Wakuu nimelala na maneno haya. Asubuhi nilimpigia babamdogo nikamuuliza habari ya ramani. Akaniuliza ramani ni nini kwenye simu, nikamweleza, akanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe nilikuleta."

Basi. Nimefuta alama zote baada ya Itetemia. Ramani niliyonayo sasa inaanzia stesheni inaishia kwa Isike, hiyo mwenye kuitaka aseme nitampa. Ina visima viwili vya maji, fundi baiskeli mmoja, na mama wa matobolwa. Na nimeongeza kwa kalamu, kwenye kituo cha Kwihara, majina ya Chuma na Susi. Nyuki Mdogo, hilo ni lako.

Upande wa msituni, Mrina wa Ipole nimemtafuta pembeni tumeongea. Yeye na wenzake watatu wako tayari kupokea watu wachache, wasiozidi sita kwa safari, kwa kibali cha kijiji, wakati wa kurina tu. Bei watapanga wao, si mimi. Asali inanunuliwa pale pale kwenye masega, mgeni anakula alichokiona kikikatwa.

Kwa sasa tunaanza na kipande cha mjini. Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya stesheni. Asiye na baiskeli akodi mjini. Maji yako, kofia yako, tyubu ya akiba yako, maana Igombe ilinifundisha.

Kapelo

Nipo. Baiskeli ya mdogo wangu ni ya kike lakini nipo.

Binti Gongoni

Nipo na kamera ya kweli.

Ujiji Damu

Treni yangu inaingia Ijumaa usiku kama haikuchelewa. Nikichelewa nianzieni mbele, nitawakuta Kwihara kwenye mchanga.

Mzee wa Stesheni

Mimi magoti hayataki baiskeli. Nitakuwa pale kwenye benchi na chupa ya kahawa, nitawaonyesha jengo lenyewe kabla hamjalipita.

Mgogo wa Hombolo

Safari ya kwanza ya msituni niwekeeni nafasi. Naleta chupa mbili, tubadilishane na asali.

Mrina wa Ipole

Karibu. Usivae bluu wala nyeusi, na simu iache kwa mwalimu, anajua zinakoishia.